Cherehani Iliyorudi Mtandaoni

Kila asubuhi, kabla maduka ya Mchafukoge hayajainua milango yake ya chuma, Amira alipandisha maji kwa ndoo, kwa sababu pampu ya jengo lao haikuweza kuyafikisha ghorofa ya tatu. Kisha alichemsha chai. Mama yake alikuwa ameshatoka kwenda Kariakoo kupokea mizigo ya nguo. Mezani alibaki mama yake mdogo, Sitara, akisoma.

Mamdogo Sitara aliuza vitenge katika duka la mtu, Mtaa wa Msimbazi. Kazi yake ya pili ilikuwa blogu ya vitabu iliyoitwa Rafu ya Sitara. Alisoma riwaya za Kiswahili za watoto na vijana, akaandika maoni yake. Kila kitabu alikisoma mara mbili: mara ya kwanza bila kalamu, mara ya pili na kalamu mkononi. Katika maoni yake alieleza kisa kinahusu nini bila kutoboa mwisho, akataja palipomshinda mwandishi, na chini kabisa akaweka sehemu aliyoiita "Ningependa". Humo aliandika jinsi ambavyo yeye angependa kisa kiishe. Wasomaji wake wa zamani walijua kwamba hayo ni matamanio yake, hayamo kitabuni.

Blogu hiyo iliwahi kuwa na watu. Wazazi waliandika kuuliza kitabu gani kinamfaa mtoto asiyependa kusoma. Mwenye duka la vitabu karibu na Mnazi Mmoja alilipia tangazo, kwa kuwa wateja walimwendea wameshika simu, ukurasa wa Sitara ukiwa wazi. Mwaka huu waliacha kuja. Mtu akiuliza kuhusu kitabu mtandaoni, juu kabisa hutokea jibu lililoandikwa na akili mnemba, yaani programu inayokusanya maandishi ya watu na kuyafupisha. Akishalisoma, hana haja ya kufungua ukurasa lilikotoka. Bando lake linabaki, na muda wake pia.

"Mwenye duka la vitabu ameondoa tangazo," Sitara alisema asubuhi hiyo bila kuinua macho. "Ada ya blogu inatakiwa mwisho wa mwezi. Wasomaji wasiporudi, silipi. Naifunga."

"Si uandike mapya mengi, Mamdogo?"

"Nimeandika. Yanasomwa na mashine."

Wiki hiyo hiyo, Mwalimu Leodegar, aliyewafundisha Kiswahili akina Amira, aligawa riwaya iliyoitwa Cherehani ya Somoe. Nakala zilikuwa chache, hivyo wanafunzi walipokezana wawili wawili. Kisa kilimhusu msichana wa Lindi aliyejifunza kushona kwa cherehani ya marehemu mama yake, mpaka mjomba wake alipoiuza kwa siri. Kila mwanafunzi alitakiwa kukisoma chote na kuandika ripoti. Beno, jirani yake Amira darasani, alisoma kwanza, akamaliza, akamkabidhi kitabu siku ya Alhamisi. Kitabu kilikaa kwenye begi mpaka Jumapili. Amira alikuwa na tamthilia ya kutazama.

Jumapili mchana aliazima simu ya mama yake, akaketi kitandani na kuuliza mtandaoni: Cherehani ya Somoe inaishaje? Upande wa pili wa pazia, Mamdogo Sitara alikuwa anapiga pasi. Jibu lilikuja papo hapo:

"Mwishoni, Somoe anafungua mlango alfajiri na kuikuta cherehani kibarazani, imefunikwa kanga mpya. Mjomba ameirudisha."

Chini ya jibu kulikuwa na kiungo cha kufungulia ukurasa lilikotoka, kwa herufi ndogo. Amira hakukitazama. Alinakili, akafunga daftari, akawasha televisheni.

Jumatatu asubuhi Beno alimsubiri getini.

"Mambo?"

"Poa."

"Mwisho wake ulikuliza? Mimi nilikaa kimya mpaka dada akaniuliza naumwa nini."

"Kwani unaliza nini? Mbona mzuri tu."

Beno alimkazia macho. "Mzuri? We Amira, umesoma kitabu kipi?"

Amira alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Siku iliyofuata Mwalimu Leodegar aliingia na madaftari, akayaweka mezani kwa mafungu mawili yaliyokaribia kulingana.

"Fungu hili limesoma kitabu," alisema. "Hili jingine linaniambia kwamba cherehani ilirudi, na wote mmeifunika kanga mpya. Amira, simama. Nani aliirudisha?"

"Mjomba, Mwalimu."

"Ukurasa gani?"

Amira alitazama mafungu yale mawili.

"Ilipanda bodaboda yenyewe," sauti ilinong'ona nyuma. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Beno, soma aya ya mwisho."

Beno alisimama, akasoma: "Somoe alipita mbele ya duka jipya, akaisikia. Aliijua kwa mlio wake. Ilikuwa inashona ndani, mikononi mwa mtu mwingine. Hakusimama."

"Cherehani haikurudi," Mwalimu alisema. "Kanga mpya haimo humu. Nimekipekua kitabu chote kuitafuta. Sasa nataka kujua imetoka wapi."

Amira alikuwa bado amesimama, na wakati huo alikumbuka. Aliwahi kuisikia kanga hiyo nyumbani. Jioni moja Mamdogo alimsomea mama yake Amira kwa sauti alichoandika: "Ningependa Somoe afungue mlango alfajiri, aikute cherehani kibarazani, imefunikwa kanga mpya, mjomba awe ameirudisha." Mashine iliyachukua matamanio ya Sitara na kuyageuza kuwa kisa.

Jioni alimkuta Mamdogo amerudi kutoka kazini, bado hajavua viatu.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

Amira alimweleza yote, pamoja na kitabu kilichokaa kwenye begi na tamthilia. Sitara alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alifungua simu, akauliza swali lile lile, akalisoma jibu mara mbili, kama alivyosoma vitabu.

"Maneno ni yangu," alisema. "Walichoondoa ni 'Ningependa' tu." Aliweka simu chini. "Ulipouliza ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Na mimi?"

"Hapo. Unapiga pasi."

"Kati yetu kuna pazia, Amira. Ungeniita tu."

Amira aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa nawalaumu watu nisiowajua," Sitara alisema. "Kumbe hata wewe."

"Nitawaambia darasa zima wafungue blogu yako, Mamdogo. Kweli tena. Na Mwalimu nitamwambia."

"Watafungua kesho kwa sababu umewaomba. Keshokutwa je?"

Sitara alituma masahihisho kwa wenye programu, kupitia sehemu iliyowekwa kwa ajili hiyo. Alijibiwa kwa ujumbe wa shukrani ambao haukuandikwa na mtu. Alituma tena, akaambatisha picha ya ukurasa wa mwisho wa riwaya. Jibu la mtandaoni halikubadilika.

Mwalimu Leodegar aliwaamuru wote wa fungu la pili wasome kitabu na kuandika upya. Amira alikisoma mara mbili, mara ya kwanza bila kalamu. Katika ripoti mpya alieleza mwisho ulivyo, kisha akaongeza kwamba Bi Sitara wa Rafu ya Sitara angependa uwe vingine, na akaeleza alikoyapata maneno hayo. Pembeni Mwalimu aliandika: "Hii ni kazi yako." Darasa lilifungua blogu kama Amira alivyoomba. Wasomaji waliongezeka siku moja, kisha wakapungua.

Mwisho wa mwezi Sitara hakulipa ada. Kabla ya hapo, kwa ombi la Mwalimu, yeye na Amira walipeleka maandishi yote steshenari, wakayachapa na kuyabana pamoja. Nakala hiyo ikawekwa kwenye kabati la darasa. Blogu ikafungwa.

Siku chache baadaye Mwalimu Leodegar alitoa simu yake mbele ya darasa, akauliza swali lile lile na kuwasomea jibu. Cherehani ilikuwa bado kibarazani. Alibonyeza kiungo cha Rafu ya Sitara kilichokuwa chini ya jibu, akawaonyesha kioo: ukurasa haupatikani.

"Zamani mtu angeweza kubonyeza hapa akaona kosa," alisema. "Sasa hawezi."

Hakuna aliyecheka. Nyumbani Amira alimsimulia Mamdogo.

"Najua," Sitara alisema. "Nimeangalia. Nilimlaumu yule mwandishi, unakumbuka? Nilisema ni mkatili, angeirudisha tu ile cherehani. Siku hizi naona aliandika kweli."

"Yote ni kosa langu, Mamdogo?"

"Si yote. Usijibebeshe ya dunia nzima. Lako ni hili: ulipewa kitabu, hukukisoma, ukaandika kwamba umekisoma. Hilo umelirekebisha. Lililobaki nalisema ulikumbuke. Ukitaka kujua kitabu kinasema nini, kisome. Ukichukua maneno ya mtu, nenda mpaka kwake ukayaone alivyoyaandika. Watu wasipomwendea, siku moja ataacha kuandika, na wao hawatajua kwamba ameacha."

Amira aliitikia kwa kichwa.

Asubuhi alipandisha maji, akachemsha chai. Mamdogo Sitara alikuwa mezani na riwaya mpya, amebakiza kurasa chache. Alipoimaliza alikaa kidogo, mkono juu ya jalada, kisha akainuka na kuirudisha rafuni. Hakuisoma mara ya pili.