Mlango wa Basi Uliofungwa kwa Kamba

Mlango wa basi la shule ulifunguka kwenye kona!

Ndani watoto thelathini na mmoja. Gari liko kwenye mwendo.

Na aliyekuwa ameuegemea ule mlango ni mtoto wa mdogo wangu wa damu...

Nilimdaka begi. Sio mkono, begi! Miguu inaning'inia nje, kiatu kimoja kikabaki barabarani.

"Mamkubwa, kiatu changu!"

Ndicho alichokuwa analilia.

Mimi ndiye matroni wa hilo basi, jamani. Nawapandisha, nawakalisha, nawakabidhi kwa wenyewe. Kitasa kilikufa tangu muhula uliopita, tukawa tunafunga mlango kwa kamba. Kamba ya kuanikia nguo!

Nilimwambia mkuu wa usafiri.

"Nimekusikia, matroni."

Wiki ikapita. Nikarudi.

"We mama, si nimesema nimekusikia?"

Dereva ndiye aliyeniudhi zaidi. Tunamwita Bubu. Ukimlalamikia, anatazama kioo chake tu.

Siku ile tulipofika shule, nikajifungia chooni, nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti. Yeye ni sekretari wa shule, ndiye aliyenitafutia hii kazi.

"Mwanao leo nusura tumwokote barabarani! Mlango usipotengenezwa, nawaambia wazazi wote. Nimechoka!"

Akajibu: "Sawa dada."

Saa nane mkurugenzi akaniita. Nafika, simu yake mezani inatoa sauti... YANGU!

"Unataka kuchochea wazazi?"

"Nataka kitasa, bosi."

"Kesho usije."

Nikatoka. Mdogo wangu yuko kwenye meza yake, anagonga mihuri kama anaua mende.

"Umempa wewe?"

"Dada, na mimi nina kazi hapa..."

"Na mtoto je? Huna?"

Akavuta karatasi nyingine, akagonga muhuri.

Sikulia, wasomaji wangu. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yaliniogopa.

Asubuhi nikaenda kituo cha kwanza kuwaambia wazazi. Mnadhani walinisikiliza?

"Matroni, tunachelewa kazini!"

"Umefukuzwa, sasa unatutia hofu!"

Basi halikuja. Dakika ishirini... nusu saa...

Akatokea Bubu. Kwa miguu! Funguo mkononi, daftari la gari kwapani.

"Basi liko wapi?" mzazi mmoja akafoka.

"Liko uani. Sipakii mtoto wa mtu kwenye mlango wa kamba. Na bila matroni siendeshi."

Nilidhani naota. Akafungua daftari. Kila asubuhi, siku hamsini na nne, mwandiko wake: *Mlango mbovu.* Na kila ukurasa, sahihi ya mkuu wa usafiri!

Kumbe yule mzee niliyekuwa namlaani kimoyomoyo alikuwa anapigana peke yake, kwa kalamu. Na damu yangu ndiyo iliyoniuza.

Hapo ndipo wazazi walipogeuka. Wote wakaandamana kwa miguu hadi shuleni.

Fundi alimaliza mlango kwa dakika arobaini. Arobaini! Miezi yote ile tulikuwa tunabembeleza dakika arobaini.

Nimerudi kazini. Mdogo wangu bado hanisemeshi, ila kila asubuhi anapanda, anamfunga mwanae mkanda kwa mkono wake, anashuka.

Mzazi unayesoma hapa, kesho na wewe panda. Uvute ule mlango mwenyewe. Ukichelewa kazini, bosi atakufokea tu, na kufokewa hakuui.