Mayai ya Nyanchera

Harufu ya uji wa wimbi ndiyo iliyotangulia. Daktari Onsongo alikuwa amepiga marufuku chakula ndani ya maabara yake pale Mosocho, hata chai, na bado kila mvua ya alasiri ilipoanza kuchapa mabati, kabati la joto lenye mayai lilitoa harufu ya uji, ule mwepesi wa kunyweshea mtoto mgonjwa. Akapekua kila pembe, akafua koti lake, akajiambia ni uchovu. Msomi huyo! Angeambiwa na mtu mwingine angemcheka.

Mayai hayo yalikuwa maisha yake. Mwaka ule wa 1968 surua ilifagia watoto wa Kisii na Nyamira, naye alichukua virusi kooni mwa msichana mdogo wa Magwagwa kabla hajakata roho, akavipandikiza ndani ya mayai ya kuku. Akawa anavihamisha kutoka yai hadi yai ili vidhoofike, visiue tena, vije kuwa chanjo. Na kama walivyomfundisha ng'ambo, aliviita kwa jina la mgonjwa. Kila yai aliliandika kwa wino: Nyanchera.

Jamani, Mgusii mzima, yeye mwenyewe akibeba jina la babu yake aliyekufa, akasahau kwamba jina la marehemu hutafutiwa mtoto mchanga, ili aliyeondoka apate pa kurudi.

Kisha mayai yakaanza kukohoa. Kikohozi chembamba, kikavu, cha kifua kidogo. Onsongo alizima taa akatoka, akawa hamwambii mtu.

Wiki hiyohiyo binti yake wa pekee, Abigael, akashikwa na surua. Chanjo ya kumpa hakuwa nayo. Nyumba yao ilipakana na maabara, ukuta mmoja tu katikati. Macho ya mtoto yalipoziba kwa tongotongo, mkewe Esnah alimvuta mumewe kando.

"Baba Abigael," alinong'ona, "mtoto anasema huko gizani kunambana. Anataka arudishwe Magwagwa. Magwagwa ameijulia wapi?"

Onsongo akakumbuka jina aliloliandika kwenye mayai. Alikwenda Magwagwa mwenyewe kumtafuta Gesare, mama wa marehemu, akamweleza yote bila kuficha. Gesare hakulia. Alisema wifi yake amejifungua msichana, wakampa jina la Nyanchera, na tangu hapo kichanga hakijanyamaza. Jina limekikataa, na wazee wanasema mwenye jina yuko kwingine.

"Kumbe ni wewe, Daktari. Jina la mwanangu ulilipa ugonjwa."

Akamwambia la kufanya: mayai yaletwe Magwagwa, Nyanchera aitwe kando ya kichanga, ashukie hapo. Onsongo alikubali upesi, na wakaja pamoja Mosocho kuyachukua.

Lakini walimkuta Abigael midomo imekuwa ya buluu, Esnah amepiga magoti akiomba mpaka sauti imekauka, na ng'ambo ya ukuta mayai yakikohoa yote kwa pamoja, na kila yalipokohoa mtoto naye alikohoa, na kila yalipotulia pumzi yake ilikatika, ikarudi, ikakatika tena, na mvua ikipiga mabati kana kwamba inataka kuingia, mpaka Onsongo akamnyakua mwanawe kitandani, akakimbilia maabara, akalifungua kabati kwa mkono mmoja kwa kuwa hakuthubutu kumweka chini.

"Si hapa," Gesare alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini sana. "Umembeba mtoto. Ngoja tufike."

"Huyu hatangoja, Mama Nyanchera." Alikuwa analia. Akainamia mayai, akaita, "Nyanchera, toka. Nakuomba, toka."

Kikohozi kilikoma. Mwili mikononi mwake ukalegea, ukalowa jasho, homa ikashuka papo hapo. Rangi ikarudi midomoni. Esnah alifika mlangoni akaona mtoto amefumbua macho, akamshukuru Mungu kwa sauti, akanyoosha mikono ampokee.

Mtoto alimpita kwa macho. Alimtazama Gesare, akatabasamu, akamwita mama.

 Gesare hakuitika, ila mikono yake ilikuwa imeshanyooka.

"Mwite mwanao," Esnah alimwambia mumewe. "Mwite jina lake."

"Abigael," Onsongo aliita.

Mtoto hakugeuka. Ndani ya kabati, kutoka yai la nyuma kabisa, sauti ndogo ikasema, "Baba, niko huku."