Mila Zilizomo Ndani ya Kisomamwili

Kisomamwili kilimulika mwanga wa kijani, na ukutani ikatokea picha ya kifua cha Bi Nabintu, kubwa kama pazia, mshipa kwa mshipa. Kilikuwa chombo cha ajabu, kilichosoma damu na mapafu bila sindano. Tena kilifundishwa mila za makabila mia nne, ili wakimbizi wanaowasili Mji wa Lubanda wasivunjiwe heshima. Ndivyo walivyosema wakubwa, nao wakubwa hawajawahi kukaa zamu hata moja pale mapokezi.

"Ndugu Byamungu," mashine ilisema kwa adabu tele, "kwenu mwanamume ndiye msemaji wa familia. Tafadhali tazama picha, kisha uidhinishe matibabu ya mama."

Byamungu aligeukia ukuta wa pili, akaziba macho kwa kiganja. Bi Nabintu alijifunika kitenge gubigubi, akaziba masikio.

Daktari Mwasiti, mkuu wa zamu, alishusha pumzi. "Huyo ni mkwewe, alimwoa bintiye. Kwao mkwe hali hata sahani moja na mama mkwe, sembuse kuonyeshwa matiti yake. Zima picha."

"Binti alifariki njiani," mashine ilijibu. "Mwanamume aliyebaki ni Ndugu Byamungu. Hiyo ndiyo mila."

"Nani alikwambia?"

"Wazee wa kwao waliohojiwa."

"Na wanawake je?"

"Wanawake walikuwa jikoni, wakiwapikia wahojaji."

Mwasiti alicheka, kicheko cha mtu aliyechoshwa. Ndani ya titi la yule mama mlikuwa na jipu, na usaha ulikwisha anza kuingia damuni. Lingepasuliwa siku ile angepona, likiachwa, angekufa. Lakini visu na dawa zote vilifungiwa ndani ya mashine.

"Nifungulie kisu kimoja tu," alisema.

"Samahani, Daktari. Siwezi kumvunjia mgonjwa heshima."

Mwasiti aliipiga teke. Mashine ikamshukuru kwa maoni yake.

"Asiye na ndugu anatibiwaje?" Byamungu aliuliza, uso bado ukutani.

"Daktari huamua," ilijibu mashine.

"Basi andika kwamba mimi si mtu wake."

"Baba, usiseme hivyo," Mwasiti alimsihi. "Kibali chenu cha kukaa hapa ni kimoja. Ukijitoa utapelekwa mji mwingine, na ukishaenda hakuna kurudi."

"Njia nzima alitangulia mbele, mimi nyuma, sijamtazama usoni, Daktari. Nikiitazama picha hiyo leo, atapona aishi vipi na aibu? Andika."

"Imepokelewa," ilisema mashine. "Asante kwa kuzingatia mila."

Picha ikazimika. Mlango ukafunguka, askari-roboti wawili wakamchukua Byamungu. Hapo ndipo droo ya visu ilipojifungua, taratibu, kana kwamba hakukuwa na haraka yoyote. Mwasiti alipasua jipu, akasafisha kidonda, akafunga bendeji, huku akiitukana mashine kimoyomoyo.

Bi Nabintu alifunua uso. "Mkwe wangu ametoka?"

"Ametoka, mama."

"Vizuri. Sasa naweza kusema." Alisukuma kikapu chake kwa mguu. "Mna mihogo humo, nimemwekea. Hajala tangu jana. Mpelekee wewe, mwanangu, mimi sionani naye."

Mwasiti alikipokea kikapu. Akautazama mlango uliofungwa, akaketi nacho sakafuni.