Chumba cha Mikate cha Bibi

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kusugua masufuria, Chiriku alikimbilia darasa la kompyuta kule maktaba. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Darasani walikuwa wanajifunza kujenga vyumba vya uhalisia pepe: unavaa miwani mikubwa, unajikuta umesimama ndani ya hadithi, na ukigeuza kichwa unaona hata ukuta wa nyuma.

Chiriku alichagua kumjengea bibi yake chumba alichokuwa akiokea mikate, kabla hakijabomolewa kupisha barabara. Macho ya bibi yalikuwa yanafifia, na daktari alikwisha kusema hayatapona. Bibi alitamani kukiona chumba kile tena, japo mara moja, kabla giza halijaingia.

"Umemuuliza kilivyokuwa?" mwalimu alitaka kujua.

"Nimemuuliza, mwalimu. Kila kitu."

Ulikuwa uongo mtupu. Bibi akianza kusimulia hamalizi leo, na Chiriku alitaka kuwatangulia wenzake wote. Kompyuta ilikuwa na majiko yaliyokwisha kutengenezwa. Akachagua moja lenye vigae vinavyong'aa, akapachika tanuri na mikate, kazi ikaisha.

Siku ya maonyesho bibi alivalishwa miwani. Aligeuka huku na huku, akanyoosha mkono kupapasa hewa.

"Kizuri, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Ila mbona sikikumbuki? Nimeokea humo ujana wangu wote, leo sikijui. Basi na akili nayo inaniaga."

Watu walikuwa wanapiga makofi. Chiriku angeweza kunyamaza akasifiwa, lakini moyo ulimsuta.

"Si akili yako, bibi. Ni mimi. Sikukuuliza, nikamdanganya mwalimu."

Bibi akavua miwani. Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma Chiriku zaidi.

Tangu jioni ile alikaa miguuni pa bibi. Bibi alisimulia, yeye akajenga upya: dirisha kushoto kwa tanuri, meza ya chini kwa kuwa bibi ni mfupi, ukuta uliosawijika kwa moshi. Kazi ilikwenda polepole, na macho ya bibi hayakuisubiri.

Bibi alipovaa miwani tena kule maktaba, aliona mwanga tu.

"Dirisha lile pale," alisema, akielekeza kidole kushoto. "Ndipo lilipokuwa hasa. Meza iko wapi?"

"Mbele yako, bibi."

"Siioni."

Chiriku akaangua kilio. Laiti angeuliza mapema, bibi angekiona chumba chote.

Bibi alimvuta karibu. "Umenionyesha kwamba sijasahau, na kwa hilo nakushukuru. Lakini shika neno hili: anayetaka kusimulia maisha ya mtu hukaa naye kwanza akamsikiliza. Wakati wa kusikiliza ukishapita, machozi hayaurudishi."

Akamfuta uso kwa ncha ya khanga yake.

"Haya, leo nisimulie wewe. Hapo mezani kuna nini?"