Ufunguo wa Sanduku la Arusi

"Fungua sanduku hili."

"Sina ufunguo, afande."

"Liko chumbani mwako, chini ya kitanda chako, na ufunguo huna?"

"Ni sanduku la arusi," Mwamvita alisema. "Ufunguo anao mchumba wangu."

Koplo Yoramu alikuwa mtu wa Sikonge, mtoto wa Wakristo wa Kimoraviani, mambo ya mtaa wa Chemchem hakuyajua. Nyumba zile, bwana arusi akishaleta sanduku la nguo hulifunga mbele ya wazee, akavaa ufunguo shingoni. Biharusi hulilalia juu bila kuligusa. Bwana arusi akiuvua kabla ya siku yenyewe, basi amemwacha binti wa watu, wala hakuna haja ya kutuma mshenga.

Askari waling'oa bawaba kwa mtaimbo, kufuli likabaki limefungwa vilevile. Zikatoka kanga, ukatoka udi, na chini kabisa ikatoka bangi, mafurushi kwa mafurushi, imefungwa kwa majani ya mgomba.

Mama yake alipiga yowe. Mwamvita hakulia. Alitazama zile kanga sakafuni akaona ni nzuri, basi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Kituoni Koplo Yoramu alimweleza bila kumtisha.

"Sikiliza, binti. Kesho hakimu atakuuliza kama unakubali kosa la kukutwa na bangi. Ukisema ndiyo, yamekwisha, hakuna atakayeuliza zaidi. Ukisema hapana, itatupasa tuonyeshe mambo mawili. Kwamba ulikuwa nayo, na kwamba ulijua unayo."

"Nilikuwa nayo."

"Hilo nimeliona mwenyewe. Je, ulijua?"



Jioni alikuja mchumba wake, Abasi, aliyekuwa akinunua asali na nta kijijini Isikizya na kuzileta mjini. Kichwani alivaa kofia aliyoshonewa na Mwamvita, miezi na miezi ya kuinamia sindano. Alikaa upande wa pili wa nondo, akaanza kulia yeye.

"Nisamehe, Mwamvita. Nilitaka arusi ya kusemwa mji mzima. Asali peke yake isingetufikisha."

"Kwa nini ukaiweka sandukuni mwangu?"

"Nani angefungua sanduku la arusi?"

Kweli, nani? Hata yeye mwenyewe hakuthubutu.

"Kesho kubali," Abasi alinong'ona. "Wewe mwanamke, tena kosa la kwanza, hakimu atakuonea huruma. Mimi walishanifunga Kigoma kwa hii hii. Safari hii nitaozea ndani."

"Hukuniambia kama ulifungwa."

"Ningekwambia ungenikubali?"

Mwamvita aliuliza jambo moja tu.

"Umeuvua?"

Abasi akafungua kifungo cha kanzu. Ufunguo ulikuwepo, unaning'inia kwenye uzi mwekundu.

"Nife kwanza ndio niuvue. Mimi ni wako."

"Basi nitakubali," alisema Mwamvita. Alisema kama mtu anayekubali kuongezwa chai. Lakini alimpenda, na alikuwa tayari kufungwa kwa ajili yake.

Asubuhi mahakama ilijaa wanawake wa Chemchem. Mbele kabisa alikaa Bi Zamda, mama yake Abasi. Hakimu Mzungu alisema maneno yake, karani akayageuza kwa Kiswahili.

"Mwamvita binti Shomari, unakubali kosa au hukubali?"

Alifungua mdomo aseme ndiyo. Macho yakamtafuta Abasi, ayapate maneno kwake. Alikuwa kasimama karibu na mlango, kanzu wazi kwa joto. Shingo tupu. Uzi haupo.

Mwamvita aliitazama shingo ile mpaka karani akarudia swali.

"Hapana," alisema. "Sikubali. Sikujua kilichomo."

"Nani anajua?" hakimu aliuliza kupitia karani.

"Mwenye ufunguo. Yule pale, Abasi."

"Mimi?" Abasi alicheka kidogo. "Mheshimiwa, sina ufunguo wowote. Sijapata kuwa nao."

Wanawake waliguna wote kwa pamoja. Bi Zamda akainuka.

"Abasi! Nilikuvika uzi kwa mkono wangu mwenyewe. Mbele ya watu wote hawa unamkana mke?"

"Mama, kaa chini!"

"Sikai!"

Koplo Yoramu alimpekua. Mifukoni hamna kitu. Kisha akamvua kofia, na kutoka ndani ya pindo ufunguo ukadondoka sakafuni pamoja na uzi wake. Akautia kwenye lile kufuli la sanduku, lililoletwa mahakamani kama ushahidi. Likafunguka.

"Mwamvita, sikukuacha!" Abasi alipiga kelele wakimtia pingu. "Niliuhamisha tu! Ulikuwa kichwani muda wote, wallahi!"

"Nimesikia," alisema Mwamvita.

Hakimu alimwachia. Kesi ya Abasi ilisikilizwa baadaye, akafungwa, na safari hii hakupata wa kumsemea. Siku ile ile ya kuachiwa, nje ya mahakama, Bi Zamda alimshika mkono Mwamvita.

"Mwanangu, kanga zako watazirudisha."

"Wape wengine, mama. Mimi naomba kofia."

"Ya nini tena?"

"Nimeishona mimi."

Nyumbani alikaa ukumbini, akashika sindano na kuanza kuifumua ile kofia, tundu moja baada ya jingine. Mama yake alimletea uji ukapoa. Watu walipita, "Pole, Mwamvita," naye akaitika vizuri tu, "Nimeshapoa."

Alipofika kwenye pindo, akaona Abasi alikuwa ametatua mishono yake apate pa kuuficha ule ufunguo, kisha akajaribu kuirudishia mwenyewe, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Angetaka kumwacha, angeutupa tu.

Hapo ndipo alipolia.