Kinachokunywa Chini ya Zulia la Thelma

Mimi ni mtu mwenye kinyaa, sifichi. Nikiona unywele kwenye siagi, nasukuma sahani na siku hiyo sili tena. Kwa hiyo haya yaliyompata jirani yangu Thelma nayasimulia nikiwa sijala, na kama uko mezani, maliza kula kwanza.

Nyumba zetu hapa Halifax zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mtu akikohoa kwa Thelma mimi nasikia. Majira yale ya baridi aliyekuwa akikohoa ni mumewe, Cyril. Alikuwa ametoka hospitali mapafu yamechoka, na daktari alimwambia Thelma bila kuzunguka: nyumba ikipoa, unamzika. Basi Cyril akawekwa kwenye kiti sebuleni, blanketi magotini, kando ya rejeta ya ukutani, lile bamba la chuma linalopasha chumba joto, na Thelma akawa mlinzi wa boila.

Boila iko jikoni, ndani ya kabati. Inachemsha maji na kuyasukuma kwenye mabomba chini ya sakafu, yazunguke kwenye rejeta za kila chumba kisha yarudi. Maji ni yale yale, hayatakiwi kupungua. Kuna mshale wa kuonyesha presha. Ukishuka sana, boila inazima. Mshale wa Thelma ulishuka kila siku. Naye alifanya tunalofanya sote mtaani, sisi tuliolelewa kutomsumbua fundi kwa jambo dogo. Kila asubuhi, na gauni lake la kulalia, alifungua koki chini ya boila, akaongeza maji mpaka mshale upande, akafunga, akaweka birika la chai. Hakujiuliza maji yanakwenda wapi.

“Yanakwenda mahali, shoga,” nilimwambia. “Mwite fundi Royston.”

“Royston atanimalizia biskuti.”

“Bora umalize biskuti kuliko umalize mume.”

Royston alikuja kesho yake baada ya chakula cha mchana. Ni bwana mnene anayemwita kila mtu kipenzi, hata mleta barua. Alikunywa chai kwanza, kisha akazungushia karatasi ya chooni kila kiungo cha kila rejeta. Zote zilibaki kavu. Akatoka nje, kwenye kibomba ambacho boila hutemea maji yaliyozidi. Thelma alikuwa amekifunga mfuko wa plastiki tangu jana yake, kama alivyoagizwa kwa simu. Mfuko ulikuwa mkavu. Mwishowe akafunga valvu mbili chini ya boila ili kuitenga na mabomba, akanywa chai nyingine, akarudi kutazama. Mshale haukusogea.

“Boila yako nzima, kipenzi,” alisema. “Tatizo liko chini ya miguu yetu.”

Tulikunja zulia la sebuleni, Cyril akitutazama kutoka kitini. Royston aling'oa mbao za sakafu. Tulitegemea unyevu na ukungu. Tulikuta vumbi, kavu kama unga.

Kisha harufu ikapanda. Ilikuwa ya maji ya maua ya msiba yaliyosahaulika kwenye chombo, na ndani yake mafuta ya nyama mbichi. Niliziba pua kwa aproni.

Royston alilala kifudifudi na tochi. Bomba la shaba hubadilika rangi likizeeka, likawa la hudhurungi. Hili, mahali pamoja, liling'aa. Lilikuwa limerambwa. Katikati ya mng'ao palikuwa na tundu dogo, na kulizunguka, pete ya utando wa mafuta yenye vinywele vimeganda.

“Ongeza maji kidogo, kipenzi,” alinong'ona.

Thelma alifungua koki. Maji yalikuja mpaka kwenye tundu. Hayakudondoka. Yalikuwa yanakwenda. Tulisikia sauti, ile ya mtoto mchanga na chupa yake. Hapakuwa na kitu pale. Niliangalia mwenyewe.

Royston akagusa tundu kwa kidole. Alikirudisha akipiga yowe. Ncha ilikuwa nyeupe, imekunjamana, na uzi wa ute ulining'inia kutoka kidoleni mpaka bombani. Alijifuta kwenye suruali. Mimi nilitapika kwenye sinki la Thelma na sioni haya kusema.

“Panya,” alisema Royston.

Alivaa glavu, akakata kipande kile, akaunga kipya, akarudisha mbao. Thelma alipomletea chai, aliikataa. Huku kwetu fundi akikataa chai, ujue ameona jambo.

Baada ya hapo mshale ulisimama imara. Nyumba ilikuwa moto, na Thelma nikamsikia akiimba ng'ambo ya ukuta. Cyril ndiye aliyeanza kukauka. Midomo ilipasuka. Alikunywa jagi baada ya jagi, na ngozi ikazidi kumlegea. Asubuhi moja Thelma aligonga ukuta.

“Njoo uone,” alininong'oneza nilipofika mlangoni.

Akaondoa blanketi, akapandisha suruali ya mumewe. Kwenye shavu la mguu palikuwa na pete. Mafuta. Vinywele. Ndani yake ngozi nyeupe, imekunjamana, mbichi. Mguu wenyewe ulikuwa umenywea.

“Haiumi,” Cyril alisema taratibu. “Inakuja nikisinzia. Ina joto.”

Thelma hakulia. Alichukua spana, akakunja zulia, akang'oa ubao, akalegeza kiungo cha bomba. Kisha akaenda jikoni kufungua koki. Chini yetu sauti ile ikaanza.

“Kunywa,” alinong'ona. “Kunywa hayo, uniachie wangu.”

Tangu siku hiyo anajaza asubuhi na jioni, wala hasafiri. Midomo ya Cyril ilipona. Majira ya kuchipua yalipofika alikuwa akitembea mwenyewe kununua gazeti, na nilimwonea Thelma fahari, ingawa chai yake siinywi tena.

Wiki iliyopita jua lilitoka. Cyril alikaa kwenye ngazi za mbele, suruali ameipandisha, miguu mitupu. Niliinama kumsalimia. Pete ya zamani ilikuwa inafifia. Lakini kuzunguka vifundo, na katikati ya vidole, palikuwa na nyingine. Ndogo, saizi ya kifungo cha shati. Mbichi. Nyingi mno.

Cyril alikunjua suruali kufunika miguu. Jikoni nilimsikia Thelma akifungua koki.

“Usimwambie,” Cyril alininong'oneza. “Maskini, amechoka.”

Alipoingia ndani, pale alipokuwa ameweka miguu palibaki alama za duara, ndogo ndogo, zina utelezi. Nilizimwagia ndoo nzima ya maji ya moto na sabuni. Maji hayakufika ngazi ya pili.