Kisima Kilichoguna Chini ya Dampo

Nisikilizeni, majirani na wazazi wenzangu. Haya yalitokea nyumba inayopakana na yangu.

Ilikuwa jioni tulivu. Mama Kibonge alikaa kwenye kigoda uani, anamwogesha mwanawe. Nyuma ya ukuta, kile kilima kilichokuwa dampo la mji mzima kilikuwa kimeota majani mabichi, hata mgeni angekisifia. Taka zote zilifukiwa humo chini. Mtoto, tuliyemwita Kibonge kwa ajili ya mapaja yake, alikuwa akipigapiga maji na kucheka.

Mara kisima cha pale uani kikaguna.

Sitanii. Kilitoa sauti kama ya mtu anayejigeuza usingizini, kisha mapovu yakapanda.

"Jirani, umesikia?" Mama Kibonge aliniuliza.

"Nimesikia. Muulize mumeo, ndiye mwenye kazi ya maji."

Mumewe tulimwita Mpimaji. Kulizunguka dampo lile pamezamishwa mabomba marefu mpaka kwenye maji ya ardhini. Alitakiwa kuchota kwenye kila bomba na kupeleka chupa maabara, ili uchafu ukianza kuvuja ujulikane kabla haujafika visimani. Maabara ikisema maji ni safi, sisi tunakunywa na kulala.

"Ni hewa tu," alijibu. "Ardhi nayo inacheua kama mtu aliyeshiba." Akacheka, nasi tukacheka.

Basi tukaendelea. Nguo nyeupe zikaanza kutoka na madoa ya kutu. Kuku wakawa wanasogelea chombo cha maji, wanainamisha shingo, kisha wanaondoka bila kunywa. Kisima kiliguna hata mchana wa jua kali, mpaka bibi, mama mzazi wa Mpimaji, akawa hapiti upande ule.

"Kuna mtu humo," alisema. "Ananiita kwa sauti ya marehemu baba yako."

"Mama, hamna mtu. Majibu yanasema maji safi."

Mama Kibonge, kwa kuwa ni mwangalifu, akawa anachemsha maji ya uji wa mtoto mpaka yanapungua nusu. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba mlikuwa na sumu humo, nayo haifi kwa moto. Maji yakipungua, yenyewe inazidi kukolea.

Asubuhi moja nilisikia ukelele, nikakimbia. Kibonge alikuwa mikononi mwa mama yake, macho wazi, halii. Midomo yake ilikuwa ya bluu, kucha za bluu, uso rangi ya majivu. Alitutazama kama anayetutazama kutoka mbali sana.

Hospitalini damu yake ilitoka ya kahawia. Daktari akauliza, "Damu ya namna hii huletwa na sumu ya maji machafu. Mtoto huyu anapewa maji ya wapi?"

"Ya kisima."

"Kisima kiko karibu na nini?"

Mama Kibonge akamgeukia mumewe. "Mwambie."

Ndipo yakamtoka Mpimaji. Bomba la chini, lile la upande wa nyumba zetu, lilizungukwa na miiba na uvundo. Alikuwa ameacha kulifikia zamani. Chupa zote alizijaza kwenye bomba la juu, ambako maji hayajapita chini ya taka, kisha akazibandika lebo tofauti.

"Sasa ulikuwa unampimia nani?" mkewe aliuliza polepole. "Maana sisi tunaishi huku chini."

Kibonge alichomwa dawa, na taratibu rangi yake ikarudi. Mungu ashukuriwe. Mchana ule watu wa maabara walikwenda na Mpimaji kwenye bomba la chini, nami nikafuata. Kifuniko kilipofunguliwa, bomba likashusha pumzi ndefu inayonuka, na kutoka kilindini tukasikia mguno ule ule. Maji yaliyopanda yalikuwa meusi, yana uvuguvugu kama wa mwili.

Mpimaji akapita mlango kwa mlango kuwakataza watu wasinywe. Akafika kwa mke wa seremala, mwisho wa mtaa. Mwanamke huyu alikuwa amemzika mtoto wake mchanga majira ya mvua, na mtaa ulinong'ona kwamba karogwa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wa kwangu naye aligeuka bluu," akasema. "Na wewe ulikuja kunipa pole."

Mpimaji akapiga magoti. Mama yule hakumfukuza, wala hakumwinua. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, naye akabaki pale pale kizingitini, hana pa kwenda.

FUNZO

Ndugu zangu, anayepewa kazi ya kupima amepewa roho za watu. Akikwepa sehemu ngumu, ameikwepa ile ile yenye hatari. Nasi tusikubali neno "safi" kabla ya kuuliza maji yamechotwa wapi. Maji yakibadilika, tusidhani kuchemsha kunatosha, na mtoto akifa tusikimbilie kusema karogwa. Tuulize alikunywa nini.